Piper J-3 Cub kwenye simuleta ya nyumbani: kwa nini inakimbilia kushoto, inadunda, na ikitoka Wilson haipandi

Swali: Cessna 172 nairusha kwenye simuleta bila taabu. Nimehamia Piper J-3 Cub ya zamani na imenishinda. Nikitia moto, yaani nguvu ya injini, inakimbilia kushoto mpaka inazunguka. Nikitua inadunda mara tatu nne, halafu inasimama kwa pua. Nikiondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, karibu haipandi kabisa. Nina kijiti cha mezani kinachopindika, sina makanyagio. Kosa ni la modeli, la mipangilio au ni langu?

Jibu: Ndugu msomaji, uwezekano mkubwa modeli yako ni nzima. Kuzunguka na kudunda vinatokana na jambo moja, mahali magurudumu yalipo, na la Wilson ni hesabu ya hewa. Mipangilio ina sehemu yake, lakini kilicho kikubwa zaidi ni kwamba mikono na miguu yako bado inarusha 172.

Magurudumu makuu ya Cub yako mbele ya kitovu cha uzito, na nyuma kuna kigurudumu kidogo cha mkia. Kwenye 172 mambo ni kinyume: uzito uko mbele ya magurudumu makuu, kwa hiyo ndege ikipinda kidogo ardhini hujinyoosha yenyewe. Cub ikipinda kidogo, uzito ulio nyuma hutaka kuipita pua, na kupinda kunazidi kila sekunde. Jaribu kusukuma toroli la dukani kinyumenyume, uliachie, utaliona jambo lenyewe. Ndiyo maana Cub haikusamehei sekunde mbili za miguu kulala, ingawa angani ni ndege mpole sana. Ilitengenezwa kuanzia 1938 hadi 1947, zaidi huko Lock Haven, Pennsylvania, karibu ndege 20,000, na sehemu kubwa ya marubani wa Marekani waliofunzwa kabla na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walijifunzia humo. Haiwezi kuwa ndege isiyofundishika.

Tuanze na mipangilio, maana ukiikosea hapa mazoezi yote yatakuwa bure.

Zima kila usaidizi wa kiotomatiki unaogusa usukani wa mkia. Katika Microsoft Flight Simulator ya 2020 angalia sehemu ya usaidizi wa urubani: kuna usaidizi wa usukani wakati wa kupaa, wa kupaa kwenyewe na wa kutua. Katika FSX (Flight Simulator X) kuna kisanduku kinachounganisha usukani na aileroni, vibao vya mabawa vinavyoinamisha ndege. Kikiwa kimewashwa, kila ukiinamisha kijiti kulia kupambana na upepo, usukani nao unageuka, na hapo Cub lazima izunguke. X-Plane, simuleta nyingine, ina vitelezi vya kutuliza ndege karibu na vile vya mikunjo ya kijiti, virudishe sifuri. FSX ina pia vitelezi vya nguvu za propela zinazovuta kushoto. Mwanzoni viweke nusu, ukizoea uvipandishe hadi mwisho.

Kisha vipimo vya kasi. Saa ya kasi ya J-3 husoma maili kwa saa, lakini kisanduku cha namba ambacho simuleta huonyesha juu ya skrini mara nyingi husoma noti, yaani maili za baharini kwa saa. Maili 60 ni noti 52. Mtu anayekuja kutua akishika 60 kwenye kisanduku cha noti, kwa kweli yuko kwenye maili 69, na kwa Cub hiyo ni kasi ya kudunda kwa uhakika. Kila kasi nitakayotaja kuanzia hapa ni maili kwa saa. Na uhakikishe ni J-3 kweli yenye injini ya Continental A-65 ya nguvu-farasi 65. FSX inayo, FlightGear ambayo ni ya bure inayo pia, ila ile inayokuja na X-Plane 12 ni Super Cub, ndege ya baadaye yenye injini kubwa na flapu (vibao vya mabawa vya kushukia polepole), na namba zake si hizi.

Fungua ukurasa wa uzito. Rubani wa J-3 akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma, kwa sababu tangi la mafuta liko puani, mbele ya kioo. Modeli nyingine humweka rubani kiti cha mbele, ndege inakuwa nzito puani, na ukigusa breki inasimama kwa pua kama ulivyoeleza. Weka kilo 75 au 80 nyuma, mbele sifuri.

Sasa kijiti. Kijiti halisi cha Cub ni kirefu na husogea mbali; cha mezani kina urefu wa kiganja. Sentimeta moja mezani ni sawa na sentimeta nyingi ndani ya ndege, ndiyo maana pua inaruka juu ukigusa tu. Kwenye mhimili wa elevata, kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua, lainisha katikati ya mkunjo: katika simuleta ya 2020 sogeza unyeti upande wa hasi, kama −30 au −40. Kwenye mhimili wa kupinda, ambao ndio usukani wako, usilainishe kiasi hicho. −15 hadi −20 inatosha, kwa sababu ardhini unahitaji usukani mwingi na unauhitaji sasa hivi. Weka pengo la katikati asilimia 3 hadi 5 ili mkono ukiinama kulia usipindishe bila kukusudia. Angalia pia kwenye ukurasa huo kama kijiti kikivutwa nyuma kabisa kinafika asilimia 100. Kijiti kilichochakaa kikiishia 85, hutaweza kutua kwa magurudumu matatu hata ufanye nini, na makosa utajilaumu wewe.

Breki za J-3 hukanyagwa kwa visigino na ni dhaifu. Kitufe cha kibodi hakina udhaifu huo: ukikibonyeza kinatia breki yote. Kwa wiki za kwanza usitumie breki kabisa baada ya kutua. Njia ya nyasi itakusimamisha yenyewe.

La mwisho katika mipangilio ni macho. Ukikaa nyuma, ndege ikiwa chini kwa mkia, pua inaziba njia yote mbele. Watu wengi huinua kamera mpaka waone lami mbele ya pua, kisha wanashangaa kwamba hawajui kimo wakati wa kutua. Iinue kidogo tu, panua uwanja wa kuona mpaka kingo zote mbili za njia ziingie kwenye skrini, uihifadhi kamera hiyo. Ukitembea ardhini nenda kwa kupinda kushoto na kulia ili uone mbele kwa dirisha la pembeni. Na punguza ubora wa mandhari mpaka picha zitiririke bila kukwama. Picha ikiganda nusu sekunde ukiwa futi tatu juu ya nyasi, umekwisha.

Kuwasha injini. J-3 haina starta, haina betri, haina redio, kwa hiyo usitafute swichi zake. Huwashwa kwa kuzungusha propela kwa mkono: magurudumu yamezuiwa, bomba la mafuta limefunguliwa, injini baridi imepigwa pampu mara mbili tatu, throtili (kishikio cha nguvu ya injini) imefunguliwa kidogo sana, magneto zote mbili, ambazo hutoa cheche za injini, zimewekwa, ndipo propela inazungushwa. Modeli nyingine hukuruhusu kubofya propela yenyewe, nyingine hutumia amri ya kuwasha kiotomatiki. Ikishawaka tazama presha ya oili: isipopanda ndani ya sekunde 30, zima. Iache ipate joto, kisha kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika jaribu magneto moja moja. Mizunguko ipungue kidogo tu, isizidi 75 hadi 100. Vuta joto la kabureta, kishikio kinachoipelekea kabureta hewa ya moto, uone mizunguko ikishuka, ulirudishe. Kipimo cha mafuta kiko nje mbele yako: ni waya uliosimama juu ya kifuniko cha tangi, chini yake kuna kizibo cha koki kinachoelea. Waya ukiwa mrefu tangi limejaa, galoni 12 za Kimarekani au lita 45 hivi. Ukishuka na kugusa kifuniko, uwe umeshatua. Injini hunywa galoni 4 hadi 4.5 kwa saa.

Tuje kwenye kupaa, ambako taabu yako inaanzia. Propela ya Cub, ukiitazama kutoka kitini, huzunguka kama mishale ya saa. Ukitia moto mkia ukiwa chini, upepo wa propela hujizungusha kwenye mwili wa ndege na kuupiga mkia upande wa kushoto, na bapa la propela linaloshuka upande wa kulia huuma hewa zaidi kuliko linalopanda. Vyote viwili huipeleka pua kushoto. Halafu unainua mkia, na hapo propela, ikiwa gurudumu zito linalozunguka, inasukuma pua kushoto kwa mara ya tatu. Msukumo huu wa tatu ndio unaozungusha watu, kwa sababu unakuja ghafla, mtu akidhani ameshamaliza kazi.

Panga ndege katikati, isogeze mita chache mbele ili kigurudumu cha mkia kinyooke. Vuta kijiti nyuma kabisa. Fungua throtili kwa sekunde nne hivi, si kwa pigo moja, na usukani wa kulia uanze pamoja na throtili, usisubiri pua iondoke. Usishike usukani palepale: bonyeza, rudisha, bonyeza, rudisha, miguso midogo ya haraka. Anayebonyeza na kushikilia mpaka pua irudi huwa amechelewa mara mbili, mara ya kwanza kushoto na ya pili kulia, na kila safari upana unaongezeka.

Kwenye maili 25 hadi 30 mkia unakuwa mwepesi. Legeza kijiti kuelekea katikati polepole, ukijua kwamba katika sekunde hiyohiyo utahitaji usukani zaidi wa kulia. Kwa kuwa huna makanyagio, nakushauri usiinue mkia mpaka ndege ilale sawa. Uache uelee sentimeta chache tu juu ya nyasi na uiache Cub ijiondokee, kitu cha maili 40 hadi 45. Msukumo ule wa tatu unapungua sana ukiinua mkia kidogo na taratibu. Kisha shusha pua kidogo ipate kasi, upande kwa 55. Mizunguko isivuke 2,300.

Angani ni pepesi. Safari ni mizunguko 2,100 hivi na maili kama 70 hadi 75. Mwiko ni kuvuka 122. Dashibodi ya asili haina kipira cha kuonyesha kama ndege inateleza ubavu, kwa hiyo tazama pua: ukiinamisha bawa kushoto na pua ikaanza kwenda kulia, umekosa usukani wa kushoto. Aileroni za Cub hulivuta nyuma bawa linalopanda kuliko unavyozoea, kwa hiyo usukani na kijiti viende pamoja kila unapoingia na unapotoka kwenye kona. Trimu, inayokupunguzia uzito wa kijiti mkononi, ni mkono wa kuzungusha ukutani kushoto. Itumie sana, kwa sababu kijiti cha mezani kina springi ambayo ndege halisi haina, na bila trimu utakuwa unapigana na springi badala ya kuhisi ndege. Mlango wa kulia hufunguka angani, nusu juu nusu chini. Ukiuacha wazi, na modeli yako ikiiga jambo hili, nusu ya chini huanza kuelea juu ndege ikikaribia stoli, yaani pale bawa linapoacha kubeba. Ni alama nzuri ya kasi ndogo kuliko saa yenyewe. Stoli huja kwenye 38 hivi.

Sasa kutua, na hapa naomba usome polepole.

Ukifika sambamba na mahali unapotaka kugusa, vuta joto la kabureta kwanza, ndipo upunguze moto. A-65 hupata barafu kwenye kabureta kwa urahisi, hata hewa ikiwa na joto la nyuzi 25, mradi kuna unyevu na throtili imefungwa. Pwani yetu ina unyevu wa kutosha mwaka mzima. Dalili ni mizunguko kushuka polepole bila wewe kugusa kitu. Ukivuta joto injini itakohoa na kushuka zaidi, kisha itapanda barafu ikiyeyuka. Wengi hurudisha joto ndani inapokohoa, na hapo ndipo inapozimika.

Shuka kwa 60, trimu iwekwe hapohapo, na unapoikaribia njia iwe 55. Cub haina flapu. Ukiwa juu sana, inamisha bawa upande wa upepo na utie usukani upande wa pili, ndege ianguke kwa ubavu bila kuongeza kasi. Kwa kijiti kinachopindika hii ni kazi ngumu ya kiganja, kwa sababu unainamisha upande huu huku unapinda upande ule. Ifanyie mazoezi futi 2,000 kwanza.

Kwa nini inadunda? Ukigusa kwa magurudumu makuu ndege ikiwa bado inashuka, ardhi inayasimamisha magurudumu, lakini uzito ulio nyuma yake unaendelea kushuka. Mkia unaanguka, bawa linainua uso wake kwa upepo, na kama kasi bado ipo, linabeba tena. Umeondoka ardhini bila kutaka. Hapo mkono wa 172 unasukuma kijiti mbele. Ndege inapiga magurudumu kwa nguvu zaidi, inaruka juu zaidi, na safari ya tatu au ya nne inagusa kwa pua. Kwa hiyo zipo dawa mbili, na zote zinahitajika: usiguse ukiwa na kasi ya kuruka, na ukidunda usisukume kijiti kamwe.

Ukifika mita moja juu ya nyasi, throtili ikiwa imefungwa, lengo lako lisiwe kutua. Lengo ni kuizuia ndege isitue. Kila inapotaka kuzama, vuta kijiti kidogo. Inazama tena, vuta tena. Mpaka kijiti kifike mwisho nyuma na haina cha kukupa. Hapo itaketi yenyewe, magurudumu matatu pamoja, na haina kasi ya kuondoka tena. Kijiti kibaki nyuma kabisa mpaka ndege isimame. Usukani uendelee na miguso yake midogo mpaka isimame, kwa maana ndege nyingi za mkia huzunguka kwenye mwendo wa polepole, rubani akishaanza kupumua.

Ikidunda kidogo, shikilia kijiti kilipo, subiri, itaketi. Ikidunda juu ya mita moja, tia moto wote, sukuma joto la kabureta ndani, usukani wa kulia, uzunguke upya. Kuzunguka upya si aibu.

Kinachosumbua kwenye skrini ni kujua mita moja ni ipi. Usitazame chini mbele ya pua. Tazama mbali, na uache kingo za njia zikuambie. Ukikaribia ardhi kingo hupanuka kwa kasi upande kwa upande. Zoezi linalofundisha haraka kuliko yote: chukua njia ndefu, shuka hadi mita moja, kisha tia moto wa kutosha, kama mizunguko 1,700 hadi 1,800, ukae kwenye kimo hicho mpaka mwisho wa njia bila kugusa. Rudia mpaka uweze njia nzima. Ukishaweza, kutua ni kufanya hivyohivyo na kufunga throtili.

Yote haya yafanye bila upepo kwanza. Zima hali ya hewa ya moja kwa moja, weka utulivu, kisha ongeza upepo wa ubavuni noti mbili, tatu, mpaka tano. Na yafanye mahali pa chini. Lock Haven penyewe, futi 556 juu ya bahari, kuna njia ya nyasi kando ya ile ya lami. Ukitaka nyumbani, Malindi na Manda ya Lamu ziko karibu na usawa wa bahari. Nyasi ni bora kuliko lami, kwa sababu huruhusu magurudumu kuteleza kidogo badala ya kushika na kuizungusha ndege.

Na hapo ndipo tunapofika Wilson. Uwanja uko kama futi 5,540. Kwenye kimo hicho joto la kawaida la hesabu za ndege ni nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 25 unazidi kwa 21, na kila nyuzi moja huongeza kama futi 120 za kimo ambacho injini na bawa huhisi. Jumla inakaribia futi 8,000. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 kila futi elfu, kwa hiyo farasi wako 65 wamebaki kama 50, na kwa kuwa Cub nyingi hazina kishikio cha kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko, hata hao 50 wanalishwa mafuta mengi kuliko wanavyohitaji. Usawa wa bahari, ikiwa na mzigo wake wote wa kilo 553, J-3 hupanda futi 450 kwa dakika, na dari yake ya kazi, yaani kimo ambako inabaki kupanda futi 100 tu kwa dakika, ni futi 11,500. Ukipiga mstari kati ya namba hizo mbili, Wilson mchana inakupa kama futi 200 kwa dakika. Modeli yako inasema kweli.

Kama unataka kuruka kutoka hapo, ondoka peke yako. Ndege tupu ni kilo 347 hivi, wewe 75, tangi likijaa 33. Jumla 455, karibu kilo 100 chini ya kikomo, na utaona tofauti mara moja. Weka saa ya simuleta iwe saa 12 asubuhi na joto nyuzi 14: kimo kinachohisiwa kinashuka hadi futi 6,700 hivi. Panda kwa 55 ileile ya kwenye saa, hata kama macho yanakuambia unakwenda kasi. Hewa nyembamba hufanya ardhi ipite haraka zaidi kuliko pwani kwa kasi ileile ya saa. 55 ya kwenye saa mchana wa Wilson ni kama 62 ya kweli, na ukipunguza kwa kufuata macho utastoli kwenye kona ya kwanza.

Usielekee magharibi mara tu ukipaa. Kilele cha milima ya Ngong kiko kama futi 8,070, yaani futi 2,500 juu ya uwanja, na kwa futi 200 kwa dakika zinazozidi kupungua hutafika kabla mlima haujakufikia. Zunguka juu ya tambarare ya kusini mpaka upate kimo. Ukishavuka kwenda Bonde la Ufa, kumbuka kwamba upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka mashariki, kwa hiyo upande wa bonde hewa inaporomoka kutoka kileleni. Wakati wa kurudi ukaribie ukingo kwa pembe ya nyuzi 45, si uso kwa uso, ukiwa angalau futi 1,000 juu yake. Ukiona saa ya kimo inashuka na throtili iko wazi yote, geuka mara moja kuelekea bondeni, ambako ardhi iko chini zaidi, upande upya mbali na mlima.